HANS MEYER: MZUNGU WA KILELE CHA KIBO NA MTU WA PANGANI ALIYEMWASHIA MOTO

Salamu kutoka Misugusugu, Kibaha, ambako jua la wiki hii si la kitoto. Kwa joto hili nimeona bora leo tuzungumzie barafu, labda tutapoa kidogo.

Sisi huku mlima tunaoujua kwa macho ni vile vilima vya Pugu upande wa Kisarawe. Kilimanjaro tunauona kwenye noti, kwenye chupa, na kwenye vibao vya mabasi ya Moshi na Arusha yanayopita hapa barabara ya Morogoro kuelekea Chalinze. Shuleni tuliambiwa mambo mawili: Rebmann aliuona mlima, Hans Meyer akaupanda. Basi, kengele ikagonga. Hakuna aliyetuambia huyu Meyer alikuwa nani, alishindwa mara ngapi, na nani alikuwa naye kule juu. Nimesoma habari zake kwa muda sasa, na nimeona niwaletee, maana maisha ya jamaa huyu yamefungamana na historia yetu ya pwani kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kwanza hilo la Rebmann tuliweke sawa. Mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Wachaga walikuwa wanaiona kila asubuhi tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao, lakini hao hawahesabiwi. Cha kuchekesha ni kwamba Rebmann mwenyewe alipoandika habari hiyo Ulaya, wasomi wa kule walimkatalia. Walisema theluji karibu na ikweta haiwezekani, labda homa ilimpanda kichwani. Baron von der Decken akaja 1862, akafika kama mita 4,300 na kurudi na habari kwamba theluji ipo kweli. Mwaka 1871 Charles New akaigusa kwa mkono. Ubishi ukaisha, yakaanza mashindano ya nani atafika kileleni.

Hapo ndipo anaingia Hans Meyer. Alizaliwa 22 Machi 1858 katika mji mdogo wa Hildburghausen, Ujerumani, kwenye familia yenye fedha. Babu yake alianzisha kampuni ya uchapaji vitabu iliyotoa kamusi elezo kubwa, ambayo kila nyumba ya Mjerumani aliyejiona msomi ilitaka iwe nayo kabatini. Baadaye kampuni ilihamia Leipzig. Kwa hiyo kijana Hans hakuwa na shida ya ada wala nauli. Alisoma vyuo vikubwa, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1880 akazunguka dunia, India, Ufilipino mpaka Amerika, halafu akarudi kufanya kazi kwenye kampuni ya baba. Angeweza kukaa ofisini ale mkate wake kwa raha. Lakini mtu akishaingiwa na kitu kichwani, hakitoki.

Wakati huo nchi yetu ilikuwa inakatwa kama keki. Karl Peters alipita huku bara 1884 akiwawekesha machifu saini kwenye makaratasi wasiyoyajua. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakachora mpaka, na mstari ukapinda pale Kilimanjaro, mlima ukabaki upande wa Ujerumani. Ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima kama zawadi ya sikukuu haina ushahidi, ingawa ni tamu kusimulia. Ukweli ni kwamba mlima ulikuwa mali kwenye mezani ya wakubwa. Na kwa Meyer, mlima mrefu kuliko yote kwenye ardhi inayoitwa ya Ujerumani ilikuwa lazima ukanyagwe kwanza na Mjerumani. Hakuficha hilo. Alikuwa mpenda sayansi, lakini pia alikuwa mtetezi wa makoloni kwa moyo wote. Tusimpunguzie wala tusimwongezee.

JARIBIO LA KWANZA, 1887

Alikuwa na miaka 29. Alipanda akiwa na mwenzake, Baron von Eberstein. Mwenzake akachoka njiani, Meyer akaendelea mpaka kama mita 5,500 hivi, ambako alikutana na ukuta wa barafu. Sasa wewe mtu wa pwani usifikirie barafu ya kwenye friji ya duka la soda. Huo ni ukuta mgumu wa bluu kama kioo, mrefu kuliko nyumba, unaoteleza, na chini yake kuna shimo. Meyer hakuwa na vifaa vya kuuchonga wala mtu anayeijua kazi hiyo. Akatazama juu, akageuka.

Mwaka huohuo Mhangaria, Count Teleki, naye alijaribu na kuishia kwenye mpaka wa theluji. Kwa hiyo si Meyer peke yake aliyegonga mwamba.

JARIBIO LA PILI, 1888: MINYORORO PANGANI

Hapa ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Meyer alirudi mwaka uliofuata na Oscar Baumann, Mwaustria mchora ramani, na msafara mkubwa wa wapagazi. Walipitia Usambara. Lakini Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilikuwa imeanza kupandisha bendera yake kwenye miji ya pwani na kudai ushuru, na watu wa pwani wakasema hapana. Kiongozi wao alikuwa Bushiri bin Salim, mwenye mashamba ya miwa kule Pangani. Moto ukawaka kuanzia Tanga mpaka Lindi, Bagamoyo hapa jirani zetu ikiwa katikati.

Wapagazi wa Meyer waliposikia pwani imechafuka, wengi wakatoroka na kumwachia mizigo yake. Yeye na Baumann wakageuza kurudi pwani, wakakamatwa njiani. Wakavuliwa, wakapigwa, wakafungwa minyororo. Bwana mkubwa wa Leipzig, mwenye kampuni ya vitabu, amekaa chini na chuma shingoni kama watu wengi waliopita Pangani miaka ya nyuma kuelekea soko la watumwa. Bushiri hakumuua. Alimtoza kikomboleo cha maelfu ya rupia, fedha zikalipwa, wakaachiwa wakavuka kwenda Zanzibar.

Kwa mtu mwingine hapo ndipo hadithi inaisha. Umeshindwa na barafu, umefungwa minyororo, umepoteza mali, rudi kwenu ukaoe. Meyer hakuwa hivyo. Mwaka haukupita, akawa yuko Zanzibar tena anatafuta wapagazi. Hapo lazima tumpe chake: jamaa alikuwa king'ang'anizi.

JARIBIO LA TATU, 1889

Safari hii alikuja na akili mpya. Kwanza alimleta Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, Austria, ambaye alikuwa amepanda vilele vya Alps kwa mamia. Huyu ndiye fundi wa barafu aliyekosekana 1887. Pili, kwa kuwa pwani ya Wajerumani ilikuwa bado vitani, walianzia Mombasa, wakapita Taveta mpaka Marangu kwa Mangi Mareale, aliyewapokea vizuri na kuwapa nafasi ya kuweka kambi kuu.

Tatu, na hili ndilo lililoleta ushindi, Meyer alielewa kitu ambacho waliomtangulia hawakukielewa. Tatizo la Kilimanjaro halikuwa ushujaa, lilikuwa chakula. Watu walikuwa wanapanda, chakula kinaisha, wanashuka, wakirudi nguvu zimekwisha. Yeye akaweka kambi kwa ngazi: kubwa Marangu, nyingine juu ya msitu, na ndogo kabisa juu karibu na barafu, kama mita 4,300. Kila baada ya siku kadhaa wapagazi walipandisha chakula kutoka Marangu, kambi kwa kambi. Kundi la kupanda lilikuwa na wanyapara wawili, wapagazi tisa, mpishi mmoja na mwongozaji mmoja. Fanya hesabu mwenyewe: wazungu wawili, watu weusi kumi na watatu.

Na kati ya hao, mmoja alibaki nao kule juu kabisa. Jina lake Mwini Amani, na kwao ni Pangani.

Rudia kusoma hapo. Pangani! Mji uleule ambao mwaka mmoja kabla ulimfunga Meyer minyororo ndio uliomtoa mtu aliyemweka hai. Mtoto wa pwani, aliyezoea minazi na joto kama letu hili, akakaa kwenye jangwa la mawe ambako maji yanaganda usiku ndani ya chombo, pumzi inakata ukifunga tu kamba ya kiatu, na kuni hazipo mpaka uzishukie mbali. Yeye ndiye alikuwa anapika, anachota maji, anatafuta kuni, analinda hema wale wawili wakiwa barafuni. Wazungu hao walikaa jumla ya siku 16 huko juu. Walikuwa na viatu vya misumari, makoti na miwani ya giza ya kuzuia mwanga wa theluji, na mbele yao walikuwa na kilele cha kupewa jina. Mwini Amani alikuwa na kazi yake.

Tarehe 3 Oktoba waliondoka usiku wa manane. Walipofika kwenye barafu, Purtscheller akatangulia na shoka akichonga ngazi, hatua moja baada ya nyingine, wamefungana kamba ili mmoja akiteleza mwingine amshike. Ukikosea mguu pale hakuna wa kukuokota. Saa zikapita. Mchana wakafika ukingoni, na mbele yao wakaona kitu ambacho hakuna aliyewahi kukithibitisha: Kibo ina shimo kubwa la volkano ndani yake, na barafu imekaa humo. Lakini kilele chenyewe kilikuwa bado mbali upande wa kushoto, na wao wamekwisha. Wakageuka.

Hapo nimejifunza kitu. Kilele unakiona, nguvu hazitoshi, jua linashuka. Wangapi wangeendelea kwa ujinga? Wao wakashuka, wakapumzika, wakarudi tarehe 5 kulala pangoni juu zaidi ili wapunguze mwendo wa siku ya pili. Ngazi walizozichonga siku tatu kabla zilikuwa bado zipo kwenye barafu. Tarehe 6 Oktoba 1889, kabla ya mchana, wakasimama juu. Ilikuwa siku Purtscheller anatimiza miaka 40. Meyer akachomeka bendera ndogo ya Ujerumani na kukiita kilele jina la mfalme wao, Kaiser Wilhelm. Halafu akaokota jiwe, akalitia mfukoni.

Wakajaribu na Mawenzi, ikawashinda. Mawenzi ni miamba mitupu iliyosimama kama vidole, ilingoja mpaka 1912 ndipo Eduard Oehler na Fritz Klute wakafika juu yake. Tarehe 18 Oktoba Meyer na Purtscheller walirudi tena Kibo wakaingia kwenye lile shimo kulichunguza.

Miezi miwili baadaye, tarehe 15 Desemba 1889, Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani na Wajerumani. Yaani mwaka mmoja uleule, mfungwa wa jana amesimama juu ya paa la Afrika, na aliyemfunga ananing'inia kwenye kamba. Mimi nikisoma hayo mawili kwa pamoja siwezi kuiita safari hii ya mlima tu.

JIWE NA MAJINA

Lile jiwe Meyer alilipasua. Kipande kimoja alimpa Kaiser, kikawekwa kwenye ukuta wa ukumbi wa mapango katika jumba la kifalme la Potsdam, kama kito cha koloni. Kingine alibaki nacho nyumbani kama kizuia karatasi. Lile la jumbani baadaye lilipotea na kuwekwa jiwe jingine mahali pake. Tunaweza kucheka, ni jiwe tu, mlima una mawe mangapi? Lakini kumbukeni Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa 2 Machi 1900, na ndugu zake kwa miaka mingi wamekuwa wakitafuta kichwa chake wakiamini kilipelekwa Ujerumani. Jiwe, kichwa, jina la kilele: mkono uliochukua ni mmoja.

Majina nayo alimwaga kama mbegu. Barafu za Kibo zikaitwa Ratzel, Credner na kadhalika, maprofesa marafiki wa kule Leipzig ambao hata mbu wa Taveta hawakuwahi kuumwa naye. Barafu ya Mwini Amani haipo.

Na mwongozaji? Mwaka 1989, watu walipokuwa wanaadhimisha miaka 100, ikaonekana aibu kwamba wanaokumbukwa ni wazungu watupu. Ndipo akatajwa Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, kwamba akiwa kijana wa miaka 18 hivi ndiye aliyewaonyesha njia. Alizawadiwa nyumba, akafariki Mei 1996. Kwa hesabu hiyo alikuwa na miaka kama 125, na wapo wanaohoji umri huo na kusema labda aliwaongoza wapandaji wa baadaye. Mimi nasema hivi: hata kama hesabu ya Mzee Lauwo inabishaniwa, kwamba Wachaga ndio waliotoa njia ya msituni haibishaniwi. Na sababu ya ubishi ni kwamba kwa miaka 100 hakuna aliyewauliza. Mtu akiulizwa akiwa mzee sana, halafu mnamlaumu kwa kutokuwa na cheti cha kuzaliwa, nani mwenye kosa?

Kwa haki ya Meyer, jina la Mwini Amani tunalo kwa sababu yeye aliliandika. Wasafiri wengi wa enzi zile waliandika wapagazi kwa idadi, kama magunia. Hilo namhesabia.

MIAKA YA BAADAYE

Alitoa kitabu cha safari zake za barafu 1890, mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza. Purtscheller hakuzeeka: alianguka milimani Alps 1899 na akafa 1900. Meyer alirudi Kilimanjaro 1898, na kitu cha kwanza alichokigundua ni kwamba barafu imepungua tangu alipoiona. Miaka tisa tu! Mwaka 1903 alikwenda Ecuador kuchunguza milima ya barafu ya kule, 1911 akapita Rwanda na Burundi, 1915 akawa profesa wa jiografia ya makoloni pale Leipzig. Miaka minne baadaye, kwenye mkataba wa Versailles, Ujerumani ikanyang'anywa makoloni yote, akabaki profesa wa kitu kisichokuwepo. Alifariki 5 Julai 1929, akiwa na miaka 71.

Baada yake, kilele kilikaa miaka 20 bila mtu mwingine kufika, mpaka 1909. Na mwaka 1912 wakaja vijana wawili Wajerumani, Walter Furtwängler na Siegfried König, na mbao za kuteleza miguuni. Walipanda Kibo na kuteleza nazo kwenye theluji wakishuka. Ndiyo, mchezo ule wa Ulaya tunaouona kwenye televisheni ulishawahi kuchezwa Tanzania, mkoa wa Kilimanjaro! Barafu moja ndani ya shimo la Kibo inaitwa Furtwängler mpaka leo.

Ila sijui kwa muda gani. Klute na Oehler walipochora ramani 1912, barafu ya Kibo ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 ilikuwa chini ya 2. Mwaka 2022 UNESCO walitoa taarifa kwamba barafu ya Kilimanjaro huenda ikatoweka kabisa ifikapo 2050. Ule ukuta uliomrudisha Meyer 1887 haupo tena kama alivyouona. Mtalii wa leo anapita njia ya kawaida bila kuchonga ngazi hata moja. Majina ya maprofesa yatabaki kwenye ramani, yakiwa yameshika mawe makavu.

Jina moja lilishafutwa. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimama pale pale aliposimama Meyer, akaweka mwenge na bendera yetu. Kaiser Wilhelm akashuka, Uhuru akapanda. Nyirenda naye alitangulia mbele ya haki 2008.

Sasa nirudi kwa sisi vijana. Mpaka leo kila mtalii anayepanda anafuatwa na wapagazi, waongozaji na wapishi, wamebeba hema lake, maji yake, mpaka kiti cha kukalia. Akirudi kwao anasema nimepanda Kilimanjaro, na picha anayo. Waliombebea wanapanda wiki ijayo tena, na wiki inayofuata. Mpagazi wa Marangu amefika juu mara nyingi kuliko Meyer mara mia, ila hakuna anayemwandika. Malipo yao ni kilio cha kila mwaka. Kwa hiyo hii si historia ya kale peke yake.

Ombi langu ni dogo. Pangani inamkumbuka Bushiri, na inastahili. Imkumbuke na Mwini Amani pia, hata kwa jina la shule ya msingi au mtaa. Mmoja alimfunga mzungu kwa sababu alikuwa analinda nchi, mwingine alimpikia kwa sababu alikuwa anatafuta riziki. Wote wawili ni wa kwetu, na wote wawili walionekana kwenye safari ya mtu mmoja ambaye sisi tulifundishwa jina lake tu.

Kama kuna mdau wa Pangani au Marangu anayesoma hapa na ana masimulizi ya wazee kuhusu watu hawa, aweke hapo chini kwenye maoni. Matusi hapana, hoja karibu. Wazee wanaondoka, na barafu inaondoka.

Nawasilisha.

Mdau wenu, Misugusugu, Kibaha